Kufuli la Mtandao na Amri ya Saba



Jumamosi moja asubuhi, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo kule Sinza Kijiweni, mama mmoja alinivuta pembeni. Kijana wake anafanya kazi ya ulinzi Dubai. Jioni akitoka zamu huwasha VPN ili ampigie mama yake simu ya video. Simba na Yanga wakicheza, huiwasha tena atazame matangazo ya nyumbani. "Frateri," aliniuliza, "hiyo VPN ni dhambi? Maana nimesikia redioni kwamba ni kosa."

Nilimjibu harakaharaka kwamba ni jambo dogo, asiwe na wasiwasi. Nilipofika kituoni Shekilango nikaona aibu. Mama aliuliza swali la dhamiri, nami nikampa jibu la kumalizia mazungumzo. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Kwanza tuelewe kufuli lenyewe. Simu inapoingia mtandaoni hupewa namba ya anwani, na kwa namba hiyo kituo cha redio au televisheni hutambua msikilizaji yuko nchi gani. Akiwa nje ya eneo linaloruhusiwa, mlango haufunguki. VPN hupitisha mawasiliano yake kwanza kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, ili aonekane yuko huko. Chombo chenyewe si kibaya. Mabenki na mashirika hukitumia kila siku kulinda siri za kazi. Kwa hiyo tusiulize kama VPN ni dhambi, kama vile hatuulizi kama panga ni dhambi. Tuulize nani ameweka kufuli, na analinda nini.

Kuna kufuli la mwenye mali. Haki za kuonyesha michezo na filamu huuzwa nchi kwa nchi. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu yetu, na sehemu ya fedha hizo huenda kwa vilabu. Kwa sababu hiyo hiyo ya haki, matangazo ya mpira ya BBC Radio 5 Live hayasikiki mtandaoni kwa aliye nje ya Uingereza. Anayeruka kufuli la namna hii bila kulipa chochote anakula jasho la mwenzake, hata kama hakuvunja dirisha la mtu. Nasi mafrateri tusijifanye hatujui. Nywila moja iliyolipiwa na mtu mmoja ikizunguka bweni zima kinyume cha masharti, hilo nalo ni la kuungama.

Lakini vipi kuhusu aliyekwisha kulipa? Yupo mtu ambaye kila mwezi analipia huduma hapa Sinza, kisha anasafiri na kukuta mlango umefungwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inafundisha kwamba wizi ni kutwaa mali ya mtu kinyume cha utashi wa mwenyewe ulio wa haki na busara. Neno busara lina uzito hapo. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na tangu tarehe 1 Aprili 2018 sheria yake inamruhusu mteja aliyelipia huduma nyumbani kuitumia anaposafiri kwa muda katika nchi nyingine ya Umoja huo. Afrika Mashariki tunavuka mipaka kila siku kwa biashara na masomo. Jumuiya yetu ingefaa kuiga mfano huo. Kwa maoni yangu, msafiri wa namna hii hatuwezi kumwita mwizi. Hata hivyo alikubali masharti alipojiunga, na ahadi ni ahadi. Asome masharti hayo, na kama kipo kifurushi halali cha walio nje, akinunue.

Kuna pia kufuli la serikali. Kule Dubai simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inatoza faini ya kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000 kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa au kulificha. Hapa kwetu, Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajiorodheshe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mkristo hadharau mamlaka. Serikali ina wajibu wa kuzuia picha chafu na uongo unaochochea damu, na anayetumia VPN kufuata uchafu hana wa kumlaumu.

Lakini historia haituruhusu kusema kila kufuli ni la haki. Tarehe 1 Septemba 1939 utawala wa Hitler uliwakataza Wajerumani kusikiliza redio za nje, na wapo waliofungwa, hata kuuawa, kwa kosa la kusikiliza na kusambaza habari. Karibu nasi zaidi, wengi wetu tulijifunza neno VPN Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilipozuiwa wakati wa uchaguzi mkuu. Na tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti yenyewe ilipozimwa, VPN nayo haikufaa kitu. Katekisimu, namba 2494, inasema jamii ina haki ya kupata habari zenye msingi wa ukweli, uhuru, haki na mshikamano. Kuwafungia wote kwa sababu ya wachache kunahitaji sababu nzito, na wenye mamlaka wana deni la kuieleza.

Hata hivyo, dhamiri safi hailipi faini. Ni rahisi mimi niliyekaa Sinza kumwambia kijana aliye ugenini, mwenye mkataba wa kazi na viza ya mwajiri, "Tumia tu." Likimpata la kumpata, sitakuwepo. Tena VPN nyingi za bure hujilipa kwa taarifa za mtumiaji, na kijana huyo ndiye anayetuma ada ya wadogo zake kwa simu hiyo hiyo. Busara ni fadhila, na mara nyingine busara ni kutafuta mlango ulio wazi.

Na milango iliyo wazi ipo. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Vatikani na Radio Maria Tanzania husikika mtandaoni bila malipo na bila VPN. Dubai ziko programu zilizoruhusiwa kwa simu za video, kama Botim. WhatsApp nayo, japo simu zake zimezuiwa, hupitisha ujumbe wa sauti. Hapo ndipo wajibu unapoturudia sisi wa parokiani. Tunawaombea walio mbali katika sala za waamini, kisha hatuwatumii hata dakika tano za mahubiri.

Jumamosi iliyofuata nilimtafuta yule mama, nikamwomba radhi na kumweleza yote haya kwa kifupi. Kuhusu mpira tulikubaliana kijana atafute kifurushi halali, au asubiri matokeo kama tulivyosubiri sisi enzi za redio ya mkulima. Kuhusu simu, atajaribu Botim. Kisha mama akauliza, "Na mahubiri ya Paroko, Frateri, yanaweza kumfikia?" Paroko alikubali. Jumapili hiyo nilirekodi kwa simu yangu, na kabla ya Misa ya pili kuanza, kijana alikuwa ameshajibu kwa sauti: "Amina, mama. Nimesikia hadi kengele."