Mashauri ya Nyumbani: Kupanga na Kupunguza Vitu katika Chumba cha Injini

Mwezi huu twapenda kusema habari za motokaa, maana siku hizi nyumba nyingi na shule nyingi zina gari, na aghalabu si gari jipya, bali ni gari lililokwisha kupita katika mikono ya watu watatu au wanne kabla ya kufika kwetu. Ukifungua boneti waona ndani kama kichaka: nyaya za rangi zote zimeviringishwa tepu, mipira imekatwa katikati, vibomba havijulikani vyatoka wapi wala vyaenda wapi, na juu ya yote mafuta na vumbi. Mwenye gari akiona hivyo hutamani kupasafisha, na fundi humwambia, "Mzee, vitu vingi humu havina kazi, niache nivitoe, gari litakuwa jepesi." Neno hili lina kweli ndani yake, tena lina hatari. Kwa hiyo yafaa mwenye nyumba ajue mwenyewe kipi cha kutolewa na kipi cha kuachwa, kwa kuwa gari hilo ndilo limpelekalo mama hospitali usiku wa manane, nalo likiwaka moto au likisimama porini hasara yake si ya fedha tu.

Faida ya kazi hii si uzuri wa kutazamwa. Injini iliyo safi husema upesi inapoumwa: tone moja la maji au la mafuta laonekana siku ile ile. Injini chafu huficha ugonjwa wake mpaka siku ya msiba. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupanga, na kila shauri linalofuata latoka humo.

Basi tuvigawe vitu vya chumba cha injini katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile vilivyowekwa na kiwanda, navyo vina kazi hata kama hatuijui. Fungu la pili ni vile vilivyoongezwa baadaye navyo vyafanya kazi hata leo, kama taa za ukungu au redio. Fungu la tatu ni vilivyokufa: waya wa king'ora kilichoondolewa zamani, kishikizo kisichoshika kitu, mpira uliozibwa kwa msumari. Fungu la tatu litolewe. La pili lipangwe upya. La kwanza liachwe mahali pake, na kilichochakaa kifanywe kipya. Makosa mengi hutokea kwa sababu watu hulichanganya fungu la kwanza na la tatu, wakidhani kwamba kitu wasichokijua ni kitu kisicho na kazi.

Kabla ya kutia mkono, acha injini ipoe kabisa. Kisha chukua picha kwa simu, pande zote, na daftari uwe nalo karibu. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaweza kusema hivyo hivyo juu ya mipira na nyaya. Kila kitu utakachofungua, kifunge kipande cha karatasi chenye namba, na namba ile uiandike daftarini pamoja na mahali kilipotoka. Kazi hii yaonekana kama ya mtoto wa shule, lakini ndiyo itakayokuokoa jioni, wakati mipira minne iliyo sawa kwa unene imelala mbele yako, nawe hujui upi ulikuwa wa wapi.

Halafu fungua betri. Anza na waya ule ulioungana na mwili wa gari, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho. Sababu yake ni hii: bati lote la gari limeungana na ncha moja ya betri. Ukiwa na spana katika ncha hiyo nayo ikagusa bati, hapana neno. Lakini ukianza na ncha ya pili, spana ikagusa bati, umeme wote wa betri hupita katika spana, cheche huruka, na mkono huungua. Katika magari mengi ncha iliyoungana na mwili ni hasi. Magari ya zamani ya Uingereza, kama Land Rover za kwanza zilizotokea mwaka 1948, yalifungwa kinyume, yaani ncha chanya ndiyo iliyoungana na mwili. Kwa hiyo tazama kwanza, usitende kwa mazoea.

Katika kuosha, ziba kwa mfuko wa nailoni alteneta, sanduku la fyuzi, na mdomo wa chujio la hewa. Na gari la zamani lenye distribyuta, izibe nayo. Tumia brashi, sabuni na maji kidogo. Usitumie mpira wa maji yenye nguvu nyingi, maana maji hayo huingia ndani ya viungo vya nyaya, na baada ya majuma machache kutu ya kijani huanza humo. Wala usipanguse kwa petroli. Mvuke wake hukaa chini ya boneti ukingoja cheche moja tu.

Sasa tuje kwenye nyaya. Waya usioujua usiukate. Ufuate kwa kidole kutoka mwanzo hata mwisho. Ukikuta mwisho wake hauna kitu, ndipo uutoe wote, wala si kuukata na kuacha kipande kikining'inia. Katika magari ya siku hizi nyaya zilizovikwa rangi ya manjano mara nyingi ni za mifuko ya hewa ilindayo abiria; hizo usiziguse kabisa. Nyaya zilizosalia zikusanywe pamoja, zivikwe bomba la plastiki, zifungwe kwenye bati kila baada ya shubiri moja au mbili, nazo zipite mbali na ekzosi. Zinapopita katika tundu la bati, tia kipete cha mpira, kwa maana bati ni kisu, na mtikisiko wa njia zetu ndio mkono ukishikao.

Kisha tazama fyuzi. Watu wengi wadhani kwamba fyuzi hulinda taa. Sivyo, fyuzi hulinda waya. Tufanye hesabu, na walimu wanaweza kuwapa wanafunzi wao hesabu hii. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, wapata ampea 9 na kidogo. Basi waya wenye unene wa kufaa na fyuzi ya ampea 15 watosha, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri. Mtu akiondoa fyuzi na kutia kipande cha waya au karatasi ya sigara, taa zitawaka vizuri sana. Lakini siku waya utakapochubuka na kugusa bati hapatakuwa na kitu cha kuukata umeme, na waya wenyewe utageuka kuwa utambi.

Tena kuna waya mmoja mnene, mara nyingi bila ganda, utokao kwenye injini kwenda kwenye bati la gari. Mafundi huuita waya wa ethi. Injini imekalia mipira, haigusi bati vizuri, kwa hiyo umeme wa starta hurudi kwa njia ya waya huu. Kwa kuwa haufanani na nyaya nyingine, wengine huutupa. Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine, hata katika kamba ya chuma ya kuongezea mafuta, ukaipasha moto na kuiunguza. Safisha ncha zake mbili mpaka chuma king'ae, kisha uufunge kwa nguvu.

Juu ya vibomba vyembamba vya mpira yafaa kujua asili yake. Magari ya kwanza hayakuwa navyo vingi. Miaka ya 1950 mtaalamu Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifundisha California huko Marekani, alionyesha kwamba ukungu mchafu uliowaumiza watu wa Los Angeles macho ulitokana na moshi na mvuke wa petroli vikipigwa na jua. Kwa hiyo magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yalitiwa bomba la kurudisha ndani ya injini mvuke wa oili uliokuwa ukitupwa nje. Sheria ya mwaka 1970 ya Marekani ilizidisha masharti, na vibomba vikazidi.

Wengine huuliza, "Je, sisi hatukai Los Angeles, tuvitoe?" Twajibu hivi. Bomba la mvuke wa oili ukilitoa na kuziba tundu lake, pumzi ya injini hukosa njia, nayo husukuma oili kupitia sili. Ndipo mwenye gari hushangaa kuona injini aliyoisafisha juzi imelowa tena. Ukiliacha wazi, harufu huingia walipoketi watoto. Na ukiacha wazi tundu lolote linalovutwa na injini, hewa isiyopimwa huingia, petroli huwa haba, na injini hutetemeka ikiwa imesimama. Basi vibomba hivi visitolewe, bali vibadilishwe. Mpira mpya ni wa bei ndogo. Pima unene wa ule wa zamani, nunua ulio sawa, ubadilishe mmoja baada ya mmoja, wala usiifungue yote pamoja.

Tumebakiwa na jambo linaloharibu injini nyingi katika nchi zetu, yaani kutoa thamostati. Hiki ni kifuniko kidogo chenye nta ndani, kizuiacho maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Nyingi huanza kufunguka katika nyuzi 82, na hufunguka kabisa karibu na nyuzi 95. Gari likichemka, fundi huitoa na kuitupa, akisema ni kitu cha nchi za baridi. Lakini injini isiyo na thamostati hukawia kupata joto, hula mafuta zaidi, na oili yake hufanya matope. Tena ziko injini zenye njia ya pembeni ambayo thamostati huifunga inapofunguka. Ukiitoa, maji hupita njia hiyo bila kufika kwenye rejeta, nayo injini huzidi kuchemka.

Kosa aghalabu liko mahali pengine. Pwani ya Mombasa maji huchemka katika nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya urefu wa nchi, huchemka karibu na nyuzi 94. Kinachozuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta, ambao hushika kani ndani na kuongeza kama nyuzi 20. Mpira wa mfuniko ukichakaa, kani hutoka, na katika nchi ya juu maji huweza kuchemka kabla thamostati haijafunguka kabisa. Basi thamostati huhukumiwa kwa kosa la mfuniko! Badili mfuniko kwanza, wenye namba ile ile. Na usiufungue kamwe injini ikiwa moto, maana maji yale huruka usoni.

Kama wataka kujua hali ya thamostati, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiyopikiwa chakula, isiguse chini, kisha pasha moto pamoja na kipimajoto. Ikianza kufunguka karibu na namba iliyoandikwa juu yake, ni nzima, irudishe. Isipofunguka, nunua nyingine. Kadhalika usitupe kava lizungukalo feni kwa kuwa lazuia mkono wa fundi. Kava hilo huifanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Pasipo kava feni huzungusha hewa ile ile ya moto, na gari huchemka linapopanda mlima polepole au linaposimama katika msongamano.

Mwisho, hakikisha betri imefungwa kwa kishikizo chake. Betri isiyofungwa huruka shimoni, na ncha yake ikigusa boneti moto huanza hapo hapo. Tazama mipira ya petroli au dizeli: iliyopasuka ibadilishwe, klipu zikazwe, nayo isiguse ekzosi. Tafuta matambara na viota vya panya. Kisha hesabu spana zako, uwashe injini, uiache kwa dakika 20 ukitazama kwa taa. Mpira wa juu wa rejeta utakuwa baridi kwanza, halafu utapata joto ghafula. Hiyo ni dalili kwamba thamostati imefunguka. Baada ya safari ya kwanza, tazama tena.

Vilivyotolewa viandike daftarini, na daftari likae ndani ya gari. Siku gari litakapoharibika mbali na nyumbani, fundi asiyelijua atasoma na kuelewa, wala hatakata waya kwa kubahatisha. Nanyi walimu wenye gari la shule, waiteni vijana wakubwa watazame kazi hii inapofanywa. Hesabu ya fyuzi na sufuria ya thamostati ni masomo mazuri, na kesho baadhi yao ndio watakaolitunza gari hilo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za matairi.