Furaha ya Kuchagua ni ya Nani?

Iko desturi huko Uingereza ambayo baadhi ya wasomi wetu waliokwenda kusoma kule wamerudi nayo, nao huisifu kwa maneno matamu. Ni desturi ya kuwinda nguo za zamani katika maduka ya hisani. Mwindaji huingia dukani Jumamosi asubuhi bila kujua atakachokipata. Hupekua, hupapasa kitambaa, hugeuza ukosi atazame mshono. Na siku yake ikiwa njema hutoka na koti la sufu lililoshonwa miaka ya 1960, lenye bitana ya hariri na vifungo vya pembe, kwa bei ndogo kuliko ya shati jipya. Furaha yake ni ya kweli. Koti lile lilishonwa na fundi aliyeijua kazi yake, na hakuna ubaya kulifurahia. Hata fedha anayolipa huenda kwenye kazi njema: Oxfam, shirika lililoanzishwa Oxford mwaka 1942 kwa ajili ya Wagiriki waliokuwa wakifa njaa, lilifungua duka lake katika mji huohuo mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kosa huanza pale msifu huyo anapoliacha koti na kuanza kuhubiri. Husema kwamba mnunuzi wa Karume, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, anapoinama juu ya chungu ya mitumba, anashiriki furaha ileile na kuiokoa dunia kwa namna ileile. Hiyo ni kasumba, na hapana budi ifichuliwe.

Duka la hisani haliwezi kuuza kila linacholetewa. Nguo zilizokosa mnunuzi huuzwa kwa uzito, huchambuliwa, hushindiliwa katika mabelo na kupakiwa melini. Oxfam yenyewe ilianzisha kituo chake cha kuchambua nguo huko Huddersfield mwaka 1974. Kwa hiyo lile koti la vifungo vya pembe halifiki Karume ila kwa bahati, kwa maana njiani limekwisha kupita mikono mingi yenye macho makali. Linalofika huku ni salio la kuchagua kwa wengine. Na salio hilo nalo hupangwa tena madaraja: Gikomba nguo bora ya belo huitwa kamera, na zile za mwisho kabisa huitwa fagia. Wazee wetu walikuwa wakweli zaidi. Wao waliziita kafaulaya, yaani mwenyewe amekufa huko Ulaya. Warwanda huziita caguwa, neno walilolipata katika Kiswahili chetu, chagua.

Lakini nani anayechagua? Mwalimu wa shule ya msingi anayefika sokoni alfajiri belo linapofunguliwa, akashindania shati la kuingia nalo darasani Jumatatu, hawindi. Anatafuta nguo. Yule wa Oxford akikosa hurudi nyumbani na hadithi ya kuwasimulia rafiki zake; huyu akikosa hurudi darasani na shati lilelile lililochakaa ukosi. Wala mwalimu huyu asilaumiwe hata kidogo. Wapo wakubwa wanaomdhihaki kwa kuvaa mitumba, ilhali suti zao wenyewe zimeshonwa ng'ambo. Dhihaka ya namna hiyo haistahili hata kujibiwa.

Anayestahili kuulizwa ni mwenye kupanga uchumi. Nchi hii inalima pamba. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na Mwanza na Musoma vikawepo vingine. Si halali kuficha kilichofuata: vipuri vilikosekana, fedha za kigeni zilikosekana, na mahali pengine uongozi ulikuwa mbovu, jambo ambalo haliwezi kusingiziwa mabeberu. Milango ya biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilikuta viwanda vimekwisha kuchoka. Hata leo sehemu kubwa ya pamba yetu hutoka nchini kwa marobota, na nguo huingia kwa mabelo.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizo sokoni hatua kwa hatua hadi 2019. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa kuushusha, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Yaani taifa zima lilijaribu kuchagua, likaadhibiwa.

Hayo hayamaanishi kwamba hatuna la kufanya. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa vitambaa: sare za askari, mashuka ya hospitali, mapazia ya ofisi. Kila mtumishi mwenye kalamu ya kuidhinisha manunuzi, kabla hajasifu raha ya kupekua, na aeleze mashuka na mapazia ya mwaka huu yamefumwa katika kiwanda gani, na kwa pamba ya nani.