Ushujaa wa Kutazamwa



Mwanafunzi mmoja ameniuliza hivi: «Mwalimu, mtu anayejitia katika hatari ya mauti mbele ya watu wengi, je, si shujaa?» Swali lake ni zuri, nami sitaki kulijibu kwa neno moja. Twende kwanza Niagara.

Niagara ni mto mkubwa mpakani mwa Marekani na Kanada. Mahali pamoja maji yake huanguka kutoka juu ya genge, kimo cha mita 50 hivi, kwa ngurumo kubwa. Tarehe 24 Oktoba 1901, siku alipotimiza miaka 63, mjane mmoja jina lake Annie Edson Taylor alifungiwa ndani ya pipa la mti, akaachiliwa, akaanguka pamoja na maji. Akatoka mzima, mwenye jeraha la kichwa tu. Naye alikuwa nani? Mwalimu wa shule, mwenzangu! Hakuwa na kichaa. Aliogopa uzee wa ufukara, akatumaini kwamba watu watatoa fedha ili wamwone. Walimtazama kwa muda, kisha wakamsahau. Alikufa mwaka 1921, katika ufukara uleule alioukimbia.

Waliomfuata hawakuutazama mwisho wake, walitazama pipa tu. Bobby Leach alishuka mwaka 1911 katika pipa la chuma, akavunjika magoti na taya. Miaka 15 baadaye, huko New Zealand, aliteleza juu ya ganda la chungwa, akavunjika mguu, jeraha likaoza, akafa. (Nilicheka kidogo niliposoma habari hiyo, kisha nikaona haya.)

Mwaka 1920 alikuja Charles Stephens, kinyozi wa Bristol nchini Uingereza, baba wa watoto 11. Leach mwenyewe, pamoja na William Hill, mwenyeji aliyeujua sana mto ule, walimwonya juu ya pipa lake. Hakusikia. Alijifunga miguuni chuma kizito cha mhunzi, kile cha kufulia majembe, ili pipa lisipinduke. Pipa lilipopiga maji ya chini, chuma kilitoboa kitako chake, kikazama pamoja na mwenyewe. Ulipatikana mkono mmoja tu. Watoto wale 11 wakabaki bila baba.

Tena huyo Hill, ingawa naye alipenda kupita mikondo ya mto katika pipa, alifanya jambo la namna nyingine. Mwezi wa Februari 1912 barafu iliyofunika mto chini ya maporomoko ilikatika ghafula, na watu walikuwa wakitembea juu yake. Watatu walikufa. Hill alikimbia juu ya barafu ile iliyokuwa ikitembea, akamtoa kijana mmoja mzima. Mto uleule, hatari ileile! Lakini siku ile hakuna aliyeitwa aje kumtazama Hill. Mwanawe, William kama babaye, alishuka mwaka 1951 ndani ya mipira ya magurudumu iliyofungwa pamoja, na umati mkubwa mno ulijaa kando ya mto kumngoja. Mipira ilitokea imesambaratika. Maiti yake ilipatikana kesho yake. Ndipo serikali ya Ontario ilipoamuru kwamba wenye kujaribu michezo hiyo wakamatwe.

Basi, mwanafunzi wangu, kumbuka: Shetani alipomweka Bwana wetu juu ya kinara cha Hekalu na kumshawishi ajitupe, chini hapakuwa na mtu wa kuokolewa. Mama aingiaye katika nyumba iwakayo ili amtoe mtoto wake havunji amri ya tano.

Lakini sitaki kumlaumu mrukaji peke yake. Nilipokuwa mwanafunzi, mwenzetu mmoja alizoea kushika nyuma ya motokari za mizigo zikiteremka mlima, naye juu ya baiskeli. Sisi tulisimama kando ya njia, tukimpigia makofi. Siku moja motokari ilisimama ghafula. Alilala majuma mengi, na mguu wake ulipona umepinda. Tulipokwenda kumzuru, neno la kwanza alilotuuliza lilikuwa: «Mliniona?» Naam, tulimwona, tulikwenda pale kwa ajili hiyo. Dhambi ile sikuiungama mpaka nilipokuwa mtu mzima, kwa maana nilidhani ilikuwa yake.