Mia Mbili Zangu Zilienda Wapi?

Ndugu zangu wa Kakuma na Kalobeyei, nina swali ambalo tumelikalia kimya muda mrefu. Ukienda dukani kutoa pesa, mwenye duka anakukata ngapi? Na nani alimruhusu?

Mimi nilifunzwa na miaka ya Bamba Chakula. Mnakumbuka: kuanzia 2015 WFP ilianza kutuma sehemu ya posho kwenye laini ya simu, badala ya kutupimia yote kwa kilo. Hela ile ilikuwa ya chakula tu, kwenye maduka yenye mkataba tu. Kuigeuza keshi ilikuwa marufuku. Lakini kiatu cha mtoto hakinunuliwi kwa maharagwe.

Mwezi mmoja mwanangu alihitaji viatu na madaftari. Nikaenda dukani nikasema, "Baba, nikatie elfu moja, unipe keshi." Akabonyeza simu yake, akaniwekea mia nane mkononi. Nikauliza, mia mbili ziko wapi? Akacheka: "Mama, hiyo ni ya soda."

Soda gani ya mia mbili?

Na bado nilimwambia asante! Jioni, kwenye foleni ya maji, wenzangu walisema, "Mwache, yule anatusaidia. Angekataa tungefanya nini?" Nami nikaitikia. Leo siitikii tena.

Hoja ya mwenye duka naijua, na si ya kutupwa. Alinipa keshi yake papo hapo, wakati yeye hela ya Bamba aliingojea. Angekamatwa, mkataba ungekwisha. Kazi ina malipo, sawa. Lakini mwangalieni wakala wa M-Pesa. Ada ya kutoa pesa imebandikwa ukutani. Inakatwa na mtambo wenyewe, na ujumbe unaingia kwenye simu yako ukionyesha ilikuwa ngapi. Wakala haruhusiwi kuongeza hata shilingi.

Basi kama huduma ya duka ina bei, itajwe kabla sijatoa namba yangu ya siri. Bei inayotajwa baada ya hela kukatwa si bei, ni kunyang'anywa kwa upole. Tena haikuwa moja. Jirani yangu anayejua kubishana alikatwa mia. Mama mzee asiyeweza kusoma ujumbe wa simu alikatwa mia tatu. Duka lile lile, wiki ile ile.

Msidhani ni mambo ya kambini tu. Dada yangu aliyepelekwa Marekani anasema kule ukilipa kwa kadi dukani unaweza kuomba keshi kidogo juu ya manunuzi, na maduka mengine yanakutoza ada kwa pesa yako mwenyewe. Mwaka 2024, CFPB, ofisi ya serikali inayolinda watu katika mambo ya fedha, iliangalia kampuni 8 kubwa za maduka. Kampuni 3 zilikuwa zinatoza, na ada hizo zilizidi dola milioni 90 kwa mwaka. Nyingine 5 zilitoa keshi bure. Kwa hiyo ada si amri ya Mungu. Na kule pia anayeumia zaidi ni maskini anayeishi mbali na benki. Mnaona? Mtu akikosa pa kwenda, ndipo anapokatwa.

Ndiyo maana lawama haiishii kwa mwenye duka. Aliyeamua kwamba mkimbizi hawezi kuaminiwa na keshi ndiye aliyemfungulia ile biashara ya soda. Mwaka 2019 WFP ilianza kuwapa baadhi ya kaya za Kalobeyei pesa bila masharti ya nini cha kununua. Mwenye keshi yake mkononi ana haja gani ya kumlipa mtu amgeuzie?

Kwa wanaopanga misaada: kabla hamjaweka sharti lingine, hesabuni kwanza ni nani atakayelipia.

Kwa sisi wenyewe: tusitoe namba ya siri kabla ya kuuliza, "Unanikata ngapi?" Tuulize kwa sauti, wa nyuma kwenye foleni asikie. Mama mzee asimame na mtu wa kumsomea ujumbe. Na mwenye duka akisema ni ya soda, mwambie akuletee hiyo soda uinywe.