BARABARA YA MTAA NI YA NANI?



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, kila zinapokaribia mvua za Novemba tunasikia maneno yale yale, iwe Dzaleka au mjini Lilongwe: njia ya mtaa imeharibika, nani ailipie? Wako wanaosema ni kazi ya serikali peke yake. Wako wanaosema kila nyumba itoe kiasi kimoja, yaishe. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Tuanze na mjini. Lilongwe, kama miji mingine ya Malawi, mwenye nyumba hutozwa kodi ya majengo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1998. Kodi hiyo hukadiriwa kwa thamani ya mali yake, na halmashauri huitumia kwa huduma za mji, zikiwemo njia za mitaa na uzoaji taka. Kisha iko tozo iliyomo katika bei ya mafuta, ambayo huenda kwenye Mfuko wa Barabara. Kwa hiyo abiria wa minibasi naye amelipia barabara, ingawa hakuna anayempa risiti. Na mpangaji? Mwenye nyumba akidaiwa na jiji, hulipia kutoka kwenye kodi ya pango. Tunayataja haya kwa sababu husemwa sana kwamba wageni hawachangii. Wakimbizi waliokuwa wakipanga mjini, kabla ya serikali kuamuru mwaka 2023 warudi Dzaleka, walikuwa wakichangia miaka yote hiyo.

Marekani, ambako jamaa zetu wengi wa Dzaleka wamehamia, baadhi ya miji hufanya vingine. Barabara ikitengenezwa, sehemu ya gharama hugawiwa wenye viwanja vinavyopakana nayo, mara nyingi kwa kupima upana wa kiwanja upande wa barabarani. Kuna haki ndani yake, maana anayepitiwa na barabara nzuri hufaidika kwanza. Lakini bibi kizee mwenye kiwanja cha kona anaweza kudaiwa kuliko tajiri mwenye kiwanja chembamba. Kule St. Paul, Minnesota, makanisa mawili yalipinga mahakamani mchango wa namna hiyo, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kuwa ile ni kodi, hata kama jiji liliiita ada. Kamati za misikiti nazo zifuatilie habari kama hizi, kwani msikiti pia una upande wa barabarani.

Ama Dzaleka, kodi ya majengo haipo. Palikuwa gereza, pakafanywa kambi mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na leo pana zaidi ya 50,000. Mkimbizi hamiliki ardhi, basi hakuna mwenye kiwanja wa kupelekewa bili. Lakini mtaro ukiziba, maji huingia nyumba ya bondeni, hayaingii duka lililo juu. Hapo ndipo mchango wa sawa kwa sawa unapokuwa dhuluma. Mjane atoeje sawa na mwenye duka, ambaye malori yake ya mizigo ndiyo yanayoichimba njia?

Tunaonelea mwenye duka na mwenye mashine ya kusaga watoe zaidi. Asiye na fedha atoe siku moja ya jembe, na vijana wa shule watoke Jumamosi. Mgonjwa na mjane wasidaiwe kitu. Kazi kubwa, kama vivuko na njia kuu, hizo wasimamizi wa kambi waandikiwe barua, tena zifuatiliwe. Kuondoa udhia njiani tumefundishwa kuwa ni katika imani, ila hakumwondolei mwenye dhamana dhamana yake.

Na hesabu ibandikwe ukutani: kilichoingia, changarawe iliyonunuliwa, kilichobaki. Majina ya waliotoa hayana haja. Wengi wanaogoma kuchanga si mabahili. Walishawahi kutoa, mtaro hawakuuona.

Kamati ya mtaa itakapokutana, tunaomba ianze na mtaro wa bondeni.

Wabillahi tawfiq.