Nikipata Nitasali

Huku kwetu Kanda ya Ziwa ipo ahadi moja ambayo Mungu huahidiwa kila siku: nikipata, nitasali. Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu huitoa akiwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, na mkulima wa pamba wa Kishapu huitoa mvua zinapoanza. Kisha mchimbaji akipata, ndipo muda unapokwisha kabisa, maana duara linalotoa mali hulindwa usiku na mchana.

Wapo wanaodai kwamba amri ya Biblia ya kupumzika siku ya saba iliwafaa watu wasio na shughuli. Fungueni Kutoka sura ya 34: inataja waziwazi majira ya kulima na ya kuvuna, yaani zile wiki ambazo mkulima ana udhuru mkubwa kuliko wiki zote. Naye Ayubu, sura ya 28, anamjua mchimbaji kana kwamba aliwahi kushuka naye shimoni: giza linalokomeshwa, watu waning'iniao mbali na wenzao, miamba inayopasuliwa. Kisha anauliza hekima inapatikana machimbo gani.

Tena tuseme kweli, muda upo. Kabla ya kufungua duara jipya, yupo Mkristo anayepanda bodaboda hadi kwa mganga, akangoja zamu yake, akaambiwa arudi kesho, na akarudi. Huko hakusema ana kazi. Basi tusisingizie saa. Tujiulize tunamwamini nani katika kutafuta riziki.

Hata hivyo, lawama yote tusimtwishe mchimbaji. Wachimbaji wadogo wengi hawana mshahara. Wanagawana mifuko ya mawe. Anayetoka Jumapili asubuhi hupoteza mgao, na pengine akirudi hukuta mwingine amekwisha kushika nafasi yake. Hata migodi mikubwa, Geita na Bulyanhulu, huendeshwa kwa shifti mchana na usiku, Jumapili ikiwemo. Mtu wa namna hii ukimhubiria apange ratiba yake vizuri, umemwonea.

Viongozi wa dini nao watoke wawafuate wachimbaji waliko. Kwa Wakatoliki, misa ya Jumamosi jioni huhesabiwa kuwa ya Jumapili. Isomwe basi karibu na machimbo. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizihimiza tangu miaka ya 1970, zilikusudiwa ziwe pale watu wanapoishi. Kama watu wanaishi kambini, jumuiya ikutane kambini, hata saa kumi na mbili jioni, zamu zinapobadilishana.

Lakini neno kubwa ni kwenu wenye maduara na makarasha ya kusagia mawe, ambao wengi wenu mnakaa viti vya mbele kanisani. Zimeni mashine Jumapili, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, kwa wote, ili asiwepo anayekatwa mgao kwa kwenda kusali. Na Waislamu wenu wafanyieni hivyo hivyo Ijumaa mchana. Anzeni Jumapili hii.