Ukisoma mapenzi ya kale bila kucheka, umesoma nini?

Wiki jana nilikuwa kwenye matatu kutoka Kakamega kwenda Kisumu, nacheka peke yangu. Tulipofika Chavakali, mzee aliyekaa kando yangu akashindwa kuvumilia: "Kijana, uko sawa kweli?" Nilikuwa nasoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Sasa utamwelezaje mtu kwamba unachekeshwa na riwaya ya 1999 kuhusu Zanzibar ya wakati wa mkoloni?

Najua unavyofikiria. Mapenzi ya zamani ni machozi na barua ndefu. Ama ni Bridgerton, ile ya Netflix iliyoanza Desemba 2020, magauni na densi. Lakini soma vitabu vya Julia Quinn vyenyewe. Kinachokushika ni ndugu wanaochokozana, na Lady Whistledown na umbea wake. Toa utani huo uone kama utamaliza sura tatu. Mimi singemaliza.

Shafi naye amecheza na moto mkali zaidi. Yasmin, msichana mdogo, anaozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa. Anatoroka, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo. Mwajuma hana mali. Ana mdomo, taarab na moyo mkubwa. Ukiangalia vizuri, utaona kwa Raza msichana huyu alikuwa kama amefungwa pumzi. Kwa Mwajuma anaanza kutaniwa, anatania, anakuwa mtu. Denge anapokuja na siasa zake za kupinga wakoloni, anampata msichana aliyekwisha jifunza kucheka. Mapenzi yao naamini kwa sababu hiyo. Halafu kuna Koplo Matata anayemwinda Denge kwa niaba ya Inspekta Wright. Si hata jina lenyewe linakuchekesha?

Utaniambia ukoloni si jambo la mzaha. Kweli. Lakini kwani watu wa Ng'ambo walilia kutoka asubuhi hadi usiku? Kumcheka askari aliyekuja kukukamata ni ujasiri pia, na hauhitaji bunduki.

Shuleni riwaya tulisomea mtihani. Dhamira, wahusika, mbinu. Mzaha ukawa "kejeli, alama mbili," na mfano wake unaukariri. Nilipita vizuri, na sikumbuki kucheka hata siku moja. Chuo nikaacha mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na mama bado anauliza kusoma mapenzi kutanilipa lini. Sina jibu. Lakini tangu hapo ndipo nimeanza kusoma bila kungoja mtu aniwekee alama.

Yule mzee alisema basi nimsomee na yeye asikie. Nikamsomea kipande cha Mwajuma. Alikuwa ashuke Mbale. Kushtuka, tuko Majengo, na akaniambia waziwazi kwamba nauli ya kurudi ni juu yangu.